Nantu, Gorontalo: nyota nne na nusu, na nusu iliyokatwa ni ya wakala

Nianze na alama ya ziara yetu ya kumwona babirusa, nguruwe mwitu wa Indonesia, kwenye msitu wa Nantu, maana najua wengi mnashuka moja kwa moja kuitafuta: nyota nne na nusu. Nusu niliyoikata haihusu msitu, wala mwongozaji, wala mnyama mwenyewe. Inamhusu wakala wa mjini, na nitamfikia.

Anayetoa alama hizi ni dereva mwongozaji wa Arusha. Nimezunguka na wageni Serengeti, Ngorongoro na Tarangire miaka mingi, kwa hiyo nikipanda gari la mwenzangu nakagua kila kitu kuanzia mkanda wa kiti. Mume wangu husema sijui kuwa mgeni. Sulawesi, kisiwa cha Indonesia, nilifika kwa sababu mdogo wangu anasoma Makassar, mji wa kisiwa hicho, kwa ufadhili wa serikali ya Indonesia, na lugha ya kule anaimudu vizuri. Bila yeye nusu ya haya nisingeyapata. Mama yetu alipopiga simu akaambiwa tunakwenda msituni kuangalia nguruwe, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Arusha ngiri wamekwisha. Nikamwambia kuangalia si kula. Akasema haya, mfike salama.

Ila ngiri na babirusa ni watu wawili tofauti. Ngiri ninamjua: chonge zake zinatoka pembeni mwa mdomo, zinapinda juu, basi. Babirusa dume ana chonge za chini kama hizo, halafu ana jozi nyingine inayotoka juu ya pua. Si kandoni mwa pua, nasema juu yake. Mzizi wa jino umegeuka ukaelekea juu, jino likatoboa nyama na ngozi ya pua, likachomoza katikati ya uso na kupinda kurudi nyuma kuelekea kwenye paji, mbele ya macho. Picha hazimtendei haki. Kwenye picha unadhani mtu kachezea kompyuta.

Anapatikana Indonesia tu, tena kwenye visiwa vichache: Sulawesi, visiwa vya Togean vilivyo kwenye ghuba ya Tomini, na mashariki zaidi Buru na visiwa vya Sula. Siku hizi wanasayansi wanawahesabu kuwa spishi tatu. Wa Buru na Sula wana manyoya marefu kidogo, wa Togean ni wachache kuliko wote, na huyu wa Sulawesi kaskazini ana ngozi ya kijivu iliyokaribia kuwa uchi kabisa. Huyo ndiye tuliyemfuata, na mahali penye sifa ya kumwona mchana, kwa macho, bila kamera za kutega, ni hifadhi ya Nantu katika mkoa wa Gorontalo.

Sasa wakala. Jina simtaji, na msiniulize. Tulimpata mtandaoni, tukalipa rupia milioni tisa kwa watu wawili: gari, mtumbwi, mwongozaji, chakula, malazi ya kambini na vibali. Neno "vibali" liliandikwa waziwazi kwenye ujumbe wake. Kuingia hifadhi ya namna ile kunahitaji kibali kinachoitwa SIMAKSI, kinachotolewa na idara ya uhifadhi wa maliasili, BKSDA, na kinataka nakala ya pasi ya kusafiria, sehemu unayokwenda na tarehe. Si jambo gumu mtu akilifanya mapema. Yeye hakulifanya. Tulipofika Gorontalo akatuambia, huku anatabasamu, kwamba tukipita ofisini "mara moja tu" mambo yatakwisha. Asubuhi nzima ikaishia hapo, mimi nakodolea saa macho, kwa sababu ninajua asubuhi ya mnyama hairudi. Afisa aliyetuhudumia alikuwa mwungwana. Alishangaa tu kwamba fomu zetu hazikuwahi kuletwa.

Kisha gari. Tuliahidiwa gari la kupanda milima, likaja gari la kawaida la familia, tairi la akiba limelala chini ya mizigo yote. Nililitoa nikalikagua mwenyewe kabla hatujaondoka. Dereva alidhani ninatania.

La tatu ndilo lililoniudhi kweli. Huyu wakala alimwambia mdogo wangu kwa simu kwamba tukiongeza hela kidogo, mwongozaji anaweza kumwaga chakula karibu na kibanda cha kuvizia ili wanyama wasogee, tupate picha safi. Kwetu mtu akimtupia mnyama chakula ili mgeni apige picha anapoteza leseni, na akibahatika anapoteza hiyo tu. Tulikataa. Baadaye nilipomuuliza mwongozaji mwenyewe, uso wake ulibadilika. Hakuwa na habari na wala hajawahi kufanya jambo hilo. Kwa hiyo jueni kwamba mjini wanauza kitu ambacho msituni hakipo.

Hapo ndipo nusu nyota ilipokwenda. Mengine yote ni sifa.

Gorontalo mjini msipapite mbio. Ni mji wa Waislamu, wenyewe wanauita Kibaraza cha Madina, na kwa mtu wa pwani au wa bara aliyezoea adhana na chai ya asubuhi hautakuwa mgeni sana. Usafiri wa mitaani ni bentor, pikipiki iliyounganishwa na kiti cha abiria mbele, dereva yuko nyuma yako. Yaani ajali ikija wewe ndiwe wa kwanza kusalimiana nayo. Chakula cha kutafuta ni binte biluhuta, supu ya mahindi yenye samaki au kamba, nazi iliyokunwa, ndimu na pilipili. Nilikunywa bakuli mbili nikaomba ya tatu ya kubeba. Jua pia halitakuchanganya: mji uko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kunakucha na kuchwa saa zilezile tulizozizoea, isipokuwa saa yao iko mbele ya yetu kwa saa tano.

Kutoka mjini unaelekea magharibi. Lami, kisha vumbi, kisha mto Paguyaman, ambao tuliupanda kwa ketinting, mtumbwi mwembamba wenye injini ya mkia mrefu. Maji yakipungua abiria hushuka na kusukuma. Tulishuka. Viatu vya kukauka haraka ndivyo vinavyofaa. Mabuti mazito ya ngozi niliyoyaona kwa mgeni mmoja wa Ulaya yalikuwa bado yanachuruzika maji tulipoagana naye.

Kambi ni ya mbao, sakafu imeinuliwa, godoro jembamba, chandarua. Chandarua mkikague tundu kwa tundu, malaria ipo. Choo ni cha kuchuchumaa, kisafi. Umeme ni wa kuchaji simu jioni, mtandao hakuna, na sikuona mtu aliyeukumbuka. Chakula kilikuwa wali, samaki wa kuchoma, mboga za majani na dabu-dabu, ambayo ni kachumbari ya nyanya, vitunguu na pilipili isiyo na huruma. Hakuna aliyejaribu kutupikia chakula cha kizungu, na kwa hilo peke yake ningeongeza nyota kama zingekuwapo za kuongeza. Kuna utitiri kwenye nyasi ambao huuoni; unaujua usiku, mstari wa soksi unapowaka moto. Chomekeni suruali ndani ya soksi na msikae chini hovyo.

Mwongozaji ni mzee wa kijiji cha jirani. Nilimwita Pak tu, kama wenyeji wanavyowaita watu wazima, naye akaniita Ibu. Kazi hii ninaifahamu na sifa siigawi bure, basi niseme alichokifanya. Kwanza, kabla ya kutoka kambini alitutazama sote, akamwambia mdogo wangu avue koti lake la nailoni kwa sababu linachakacha. Pili, njiani hakusema neno. Alikuwa anasimama, anaelekeza kidevu, anangoja hadi wa mwisho aone, anaendelea. Kwa njia hiyo tulionyeshwa hondohondo wa Sulawesi mwenye nundu nyekundu juu ya mdomo, nyani weusi wa kule wanaokaribia kukosa mkia, na kwato za anoa kwenye tope. Anoa ni nyati mdogo wa kisiwa hicho, asiyefika kifua cha mtu. Mwenyewe hatukumwona, na Pak hakutudanganya kwamba "yuko hapa karibu". Waongozaji wenzangu mnaosoma, mnajua tunavyoipenda sentensi hiyo.

Tatu, hakuahidi. Kwetu redio inalia, simba ameonekana, na baada ya dakika kumi magari ishirini yamemzunguka. Mgeni ameona simba, ndiyo, lakini ameona pia magari kumi na tisa. Nantu hakuna redio. Kuna mahali pamoja tu pa kungoja, na ustadi wote wa mwongozaji ni kujua kukufikisha pale bila mnyama kujua, kisha kukunyamazisha.

Mahali penyewe panaitwa Adudu. Ni uwazi wa tope katikati ya msitu, tope lenye chumvichumvi ya madini, na wanyama wanalifuata kulila na kunywa maji yake. Ukingoni kuna kibanda cha kuvizia, cha mbao, chenye matundu ya kuchungulia na mabenchi. Kwa nini babirusa analihitaji tope hilo ni swali ambalo watafiti wamelifanyia kazi hapo hapo, hasa Mwingereza Lynn Clayton, aliyeanza kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1980 na hakuuacha msitu huo. Kutangazwa kwa Nantu kuwa hifadhi mwaka 1999 kuna jasho lake jingi. Babirusa anakula matunda, majani, uyoga na kokwa ngumu anazozivunja kwa taya, pamoja na tunda la mti wa pangi, ambalo mbegu zake zina sumu ya sianidi. Dhana mojawapo ni kwamba madini ya tope yanamsaidia kuikabili sumu hiyo. Pak aliliweka hivi: anakula vibaya, kwa hiyo anakuja kunywa dawa.

Tuliingia kibandani kabla jua halijapenya kwenye miti. Muda mrefu hapakuwa na kitu ila vipepeo juu ya tope. Mdogo wangu alianza kuchezesha mguu. Pak akauwekea mkono juu ya goti. Kisha jike akatoka kichakani na watoto wawili, na hapo nikajua kwamba nimekuja kwa jambo la haki.

Kwanza miguu. Ni mirefu na myembamba kwa mwili wa namna ile, naye anatembea juu ya ncha za kwato kwa madaha ambayo ngiri hana hata akiwa na sherehe. Mgongo umebinuka. Ngozi ina mikunjo. Watoto hawana mistari; watoto wa nguruwe mwitu wengi huzaliwa na mistari ya kuwaficha, hawa wana rangi moja tu. Kuzaa kwao pia ni kwa uchache, mtoto mmoja au wawili kwa uzao. Ukimlinganisha na nguruwe anayezaa wanane, utaelewa kwa nini mtego mmoja wa waya unaumiza kundi kwa muda mrefu. Jike hana zile chonge za usoni, kwa hiyo kwa dakika kadhaa uliona mnyama mpole wa kijivu anayelamba tope, ukaanza kujiuliza kelele zote ni za nini.

Kisha dume akaja. Alikuwa mzee, chonge za juu zimepinda nusu duara na rangi imekuwa ya chai, moja imevunjika ncha. Huvunjika kwa urahisi, kumbe. Si silaha imara kama zinavyoonekana. Alisimama akageuza kichwa, na mwanga ulipopita upande nikaona jinsi jino linavyotoka kwenye nyama, ngozi imejikunja shinani kama kola ya shati. Nimeona tembo, faru, viboko wakipigana usiku. Sijawahi kuona kitu ambacho macho yangu yalikataa kwanza namna ile.

Baadaye alitokea dume wa pili, kijana zaidi. Hawakushambuliana kwa chonge. Waligonganisha meno, wakasukumana mabega, kisha wakainuka kwa miguu ya nyuma, kifua kwa kifua, wakipigana kwa miguu ya mbele kama mabondia. Yule mzee akashinda kwa uzito tu. Kijana alijitupa kwenye tope upande wa pili akajifanya alikuja kuoga.

Jioni kambini nilimuuliza Pak chonge za juu ni za nini hasa. Alicheka, akatusimulia hadithi ya zamani kwamba babirusa usiku hujitundika kwenye tawi kwa chonge zake akalala akining'inia. Yeye haiamini, alisema, ila watalii wanaipenda. Wasomi nao hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni za kunasia chonge za mpinzani, wapo wanaosema ni ngao ya macho, wapo wanaosema ni pambo la kuwavutia majike. Kilicho wazi ni kwamba zinakua maisha yote, na zisipovunjika wala kusagika zinaendelea kujikunja. Fuvu limewahi kupatikana ambalo jino lilikuwa limerudi likatoboa mfupa wa mwenye nalo. Kubeba mapambo yanayoweza kukuua uzeeni! Nilimwambia mdogo wangu kwamba nimewahi kuendesha wageni wa namna hiyo.

Kitu kingine nilichokiuliza kwa sababu ya kazi: mbona hakuchimba? Ngiri ukimwacha dakika tano amelima shamba. Babirusa hana ule mfupa mdogo puani ambao nguruwe wengine wanautumia kama jembe, kwa hiyo anachimba penye tope laini tu. Majani ya juu akiyataka anasimama kwa miguu miwili. Na maajabu yote haya yana chanzo: Sulawesi haikuwahi kuunganika na bara la Asia hata bahari ilipopungua wakati wa barafu, mlango wa bahari wa Makassar ni wenye kina, ndiyo maana Alfred Russel Wallace, aliyezunguka visiwa hivyo katika miaka ya 1850, aliuchora mpaka wake maarufu wa wanyama hapo magharibi. Mnyama aliyekaa peke yake kiasi hicho anapata muda wa kuwa wa ajabu.

Sasa jambo ambalo watoa maoni wengine nimeona wanaliruka. Babirusa analindwa kisheria tangu 1931, enzi za Waholanzi, na leo analindwa na sheria ya uhifadhi ya mwaka 1990 iliyokazwa tena 2024. Bado anawindwa. Gorontalo wenyewe wengi ni Waislamu, nyama hiyo hawaigusi. Soko liko mashariki, Minahasa, ambako Wakristo wengi wanakula nguruwe mwitu na ambako nyama ya porini ni sehemu ya karamu. Mitego ya waya inatandikwa kwenye misitu isiyo na wanaokula, nyama inasafirishwa usiku kwa gari hadi kwa wanaokula. Mtego haujui kuchagua kati ya nguruwe wa kawaida wa Sulawesi, ambaye kumla si kosa, na babirusa. Juu ya hayo, homa ya nguruwe ya Afrika ilithibitishwa Indonesia mwaka 2019 na ikasambaa kisiwa hadi kisiwa. Kwa hiyo msishangae mkiombwa kusafisha viatu kabla ya kuingia msituni. Safisheni bila kununa.

Nilimuuliza Pak, katika zile milioni tisa, yeye anapata ngapi. Kiasi alichonitajia sitakiandika, kitamletea matatizo, ila mwenzangu yeyote wa Arusha angeshuka garini. Ndiyo maana ninawaambia: mkiweza, msipite kwa wakala. Kibali ombeni wenyewe mapema, nendeni kijijini, mtumbwi na mwongozaji mtavipata hapo hapo, na fedha itabaki kwa watu ambao wakikosa sababu ya kuutunza msitu kuna mtu mwingine atawapa sababu ya kuukata. Mnahitaji mtu mmoja anayejua Kiindonesia. Kama hamna mdogo wenu Makassar, tafuteni mwanafunzi Gorontalo mjini.

Wengine mtauliza kama kuna njia rahisi zaidi. Ipo. Babirusa wako kwenye bustani kadhaa za wanyama, Surabaya na Ragunan ya Jakarta zikiwemo, na nje ya Indonesia pia. Bustanini utaona mambo ambayo kibandani huyaoni, kwa mfano dume anavyopiga magoti kwenye mchanga laini na kuulima kwa kifua huku akitoa povu la mate, akiacha harufu yake. Kwa mtu mwenye watoto wadogo au magoti mabovu, bustani si aibu. Visiwa vya Togean ni vizuri kuliko maelezo kwa bahari na kupiga mbizi, lakini ukienda kwa ajili ya babirusa peke yake utarudi umeungua jua na hujaona hata unyayo. Tangkoko, kaskazini zaidi karibu na Bitung, nendeni kwa ajili ya nyani weusi na tarsia, yule kiumbe wa macho makubwa wa usiku. Kwa babirusa, hapana.

Na kama ndege yenu inapitia Makassar, tengeni siku ya Maros. Kwenye milima ya chokaa ya huko, katika pango la Leang Timpuseng, kuna mchoro wa babirusa jike ambao mwaka 2014 watafiti walitangaza kwamba una angalau miaka 35,400. Pango hilo si la kila mgeni kuingia, lakini bustani ya Leang-Leang iko wazi, na ndani kuna viganja vya mikono na michoro ya wanyama unayoiona kwa macho, umbali wa hatua chache. Mlinzi wa pale alitueleza kwa subira kubwa. Nilibaki nikimfikiria yule mchoraji: hata yeye, katika wanyama wote waliomzunguka, huyu ndiye aliyemchora.

Ziara hii haimfai kila mtu. Mgeni wa aina ya "tumeona, twende" atachukia. Hakuna kinachofuata baada ya kibanda; kesho ni kibanda kilekile. Mwenye mgongo mbaya atateseka kwenye yale mabenchi, yasiyo na egemeo. Mvua ikinyesha sana mto unakuwa mwingine na mnaweza kukwama upande msioutaka, kwa hiyo msipange ndege ya kurudi siku ileile mnayotoka msituni. Watoto chini ya miaka kumi sishauri, si kwa hatari, ni kwa sababu kukaa kimya kiasi kile ni adhabu kwao na kwa wengine wote kibandani.

Kwa wapiga picha: mwanga ni hafifu hadi karibu saa tatu asubuhi, lenzi ya kuvuta bila mguu wa kuishikilia itawapa ukungu, na mlio wa kamera uzimeni. Darubini bebeni yenu. Ya wakala, ambayo alinitoza kuikodi, ilikuwa na jicho moja linalofanya kazi. Bakshishi ya mwongozaji mpeni mwenyewe mkononi, kwa rupia, noti ndogo ndogo, kwa kuwa kijijini hakuna wa kuchenji laki moja. Na mkifika kibandani mapema kaeni kwenye benchi la kushoto, kwa maana la kulia lina nguzo katikati ya tundu la kuchungulia na mtaona babirusa nusu.